Kabla hujauliza dawa ya nyuki, kaa kwanza uwaangalie

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia: nyuki wamejaa kwenye mrehani na kivumbasi chake hapo uani, watoto wanaogopa, apulize dawa gani? Nikamjibu palepale asipulize kitu. Baadaye nikaona jibu la mstari mmoja halitoshi, maana swali hili naletewa kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua, na kila mwaka linanichoma upya.

Sababu ninayo. Hapa kwangu, upande wa Naliendele nje kidogo ya mji wa Mtwara, palikuwa na mkorosho mzee wenye tundu kwenye shina. Ndani yake walikaa nyuki wadogo, wale wasiouma. Mlangoni mwao walijenga kibomba cha nta, chembamba kama kalamu, kimechomoza nje. Jua likipiga pale asubuhi, wanatoka mmojammoja, na wengine wanarudi na vifurushi vya chavua, ule unga wa maua, miguuni, wanapishana kwenye kimlango hicho bila kugombana. Wanangu walikuwa wanasogeza nyuso zao karibu kabisa, na hakuna aliyewahi kulia.

Nikaenda Masasi msibani. Kurudi, nakuta shina limepasuliwa kwa panga na kuchomwa moto. Aliyefanya hivyo ni mtu wa ndani ya ukoo, simtaji. Alitaka asali. Asali ya nyuki wadogo watu wanaitafuta kwa dawa, na bei yake iko juu kuliko ya nyuki wakubwa, hilo linajulikana. Lakini alichopata hakikujaza kikombe cha chai, na nyuki wakaisha. Nilipomuuliza akacheka: "Dada, nyuki nao wa kuwalilia?" Mpaka leo tunasalimiana vizuri, ila chai yangu hajanywa tena.

Baada ya pale ndipo nilipoanza kukaa bustanini kwa makusudi. Nikishaswali alfajiri natoka na chai yangu ya rangi, nakaa kwenye kigoda mbele ya maboga. Wenzangu wanasema nimekuwa bibi kabla ya wakati. Wacha waseme. Ua la boga linafunguka alfajiri, na jua likishakuwa kali, saa nne hivi, limenywea na halifunguki tena. Kazi yote inafanyika katika muda huo mfupi, na wengi wetu tunakuwa bado tunatafuta kandambili chini ya kitanda.

Ua dume limesimama kwenye kikonyo kirefu chembamba. Ua jike utalijua kwa kiboga kichanga kilichokaa nyuma yake. Nyuki anazama ndani ya ua dume mpaka humuoni, unasikia tu mvumo, akitoka amepakaa unga wa njano mgongo mzima na anaruka kwa kuyumba. Akiingia kwenye ua jike akiwa na unga wake huo, umepata boga. Asipoingia, kiboga kinageuka njano, kinaoza kuanzia ncha, kinaanguka. Na akiingia mara chache tu, boga linakua limepinda upande. Hapo jirani atakwambia kuna jicho, mwingine atakwambia ni ugonjwa, na muuza dawa atakuuzia chupa. Ukiipuliza chupa hiyo asubuhi maua yakiwa wazi, unamuua aliyekuwa amekuja kukusaidia, halafu kesho vinaanguka viboga vingi zaidi, unarudi dukani.

Sipendi kujisifu, lakini masika yaliyopita maboga yangu yaliuzwa yakiwa bado shambani. Mama mmoja wa sokoni alikuja mwenyewe na bajaji. Sikuweka mbolea ya ajabu. Niliacha tu kivumbasi na mrehani vitoe maua pembezoni badala ya kuvikata kila mara, ili nyuki wawe na sababu ya kupita kwangu hata siku maboga yakiwa hayana ua.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba si nyuki wa aina moja. Tumezoea kusema "nyuki" tukimaanisha wa asali basi. Nenda kwenye nyanya au bilinganya asubuhi usikilize. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya kijimrija chenye tundu nchani, haitoki mpaka itikiswe, na nyuki wa asali hiyo kazi haiwezi. Anakuja mwingine, mnene, mwenye mistari ya buluu tumboni, anayeruka kwa kushtuashtua. Anaushika mrija, anatuliza mbawa, anatetemesha mwili, na mvumo unabadilika ghafla kuwa mwembamba na mkali. Ukiwa karibu unaona unga unamwagika. Nyanya huweza kuzaa hata kwa upepo, na kusi yetu inatikisa vya kutosha, lakini matunda yaliyopitiwa na huyu bwana hujaa vizuri zaidi.

Kwenye pesheni subiri yule mkubwa mweusi, ambaye mafundi wanamchukia kwa sababu anatoboa mbao za paa. Ua la pesheni ni pana na chavua iko juu, kwa hiyo mdogo anapita chini anakunywa utamu wake bila kugusa kitu. Huyu mkubwa mgongo wake unafika. Kama pesheni ya njano kwako inatoa maua bila matunda, kabla ya kulaumu udongo angalia kama ulishamfukuza. Tena pesheni hiyo inataka chavua ya shina jingine, ya kwake yenyewe haiisaidii, kwa hiyo usipande moja peke yake.

Na mbaazi zako, kipindi hiki zikiwa na maua ya njano, ukiona majani yamekatwa vipande vya mviringo safi kabisa pembeni, usikimbilie dawa ya viwavi. Kiwavi anatafuna ovyo. Huyo ni nyuki mkata majani, anatengeneza vyumba vya watoto wake, na ni huyohuyo anayefungua maua ya mbaazi zako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua kuna watakaosema nawapeleka kudungwa. Nyuki wa asali wa huku kwetu ni wakali, sibishani. Lakini ukali wao uko nyumbani kwao. Aliye kwenye ua yuko kazini, usipomshika au kumkanyaga hana habari na wewe. Kaa pembeni ya njia yake, usipulizie pumzi, usipunge mikono. Akikudunga, kwangua mwiba upesi kwa ukucha na uondoke pale, kwa sababu harufu inayobaki inaita wenzake. Anayevimba mwili mzima au kubanwa pumzi akidungwa, asijaribu mambo haya, na ikimtokea apelekwe hospitali haraka. Na kama wameweka makazi darini au ukutani, hapo si pa kukaa na chai. Nenda halmashauri ukamuulize afisa nyuki, au tafuta mfugaji wa nyuki awahamishe jioni. Usichome. Nimeshasema usichome.

Kiangazi wekeni maji. Hapa kwetu nyuki wanakufa ndani ya ndoo za watu kwa kiu, halafu tunawaita wasumbufu. Beseni la zamani, maji kidogo, makumbi ya nazi yaelee juu wapate pa kutua. Weka mbali na mlango, na usiache yakakauka, maana wakishazoea wataenda kwenye ndoo zako.

Lililobaki ni la majirani. Salfa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, watu wanapuliza alfajiri kukiwa na umande, na sitamwambia mtu aache korosho zake zife. Ninachogombana nacho ni ile dawa ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, kupulizwa mchana wakati maua yamejaa nyuki. Jirani yangu wa upande wa barabarani nilimfuata, tukakaa, tukaelewana: siku ya dawa hiyo anapuliza jioni nyuki wakisharudi kwao, na ananipigia simu mapema nifunike beseni la maji. Mimi namkatia majani ya maboga kila anapotaka. Mwaka jana alisahau mara moja tu, na mkewe ndiye aliyemgombeza kabla sijafika.