Ukienda Pompeii, usibane pesa ya mwongozaji

Mara ya kwanza niliingia Pompeii, mji wa kale wa Kirumi huko Italia uliofukiwa na majivu ya volkeno, peke yangu na ramani ya karatasi. Nilizunguka saa tatu juani, nikapiga picha za kuta, nikatoka na uchovu tu. Mara ya pili nilikwenda na shangazi, tukalipia mwongozaji mwenye leseni. Mtaa uleule niliokuwa nimeupita mbiombio ulituchukua karibu nusu saa.

Mtaa wenyewe ni Via dell'Abbondanza. Mwongozaji wetu, mama mmoja, alitusimamisha akasema tutazame chini. Barabara imetandikwa mawe meusi ya volkeno, na magurudumu ya mikokoteni yameyala mpaka yakaacha mifuo miwili. Hapa na pale kuna mawe makubwa yaliyoinuka, ya kuvukia bila kukanyaga maji na uchafu, na kati yake pameachwa nafasi magurudumu yapite. Kisha akatupeleka kwenye birika la jiwe walikochota maji. Ukingo wake umebonyea upande mmoja, laini kabisa.

"Weka mkono hapo," akamwambia shangazi.

Ulikaa sawasawa. Ndipo watu walipoegemea wakiinamia maji, hadi jiwe likalika. Shangazi amechota maji kisimani utoto wake wote; hakuuondoa mkono upesi.

Wengi hukimbilia kuona "miili". Majivu ya mlima Vesuvius, ulipolipuka mwaka 79, yaliwafunika watu yakagandamana. Nyama ikaoza, pakabaki uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta humo, ikiganda inatoa umbo la marehemu. Mifupa mara nyingi bado imo ndani, kwa hiyo naomba sana: ukifika hapo, rudisha simu mfukoni. Hao ni marehemu.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: bei ina kiingilio ndani yake? Na kikundi kina watu wangapi? Sisi nusura tuchukue kikundi kikubwa ambacho wa nyuma wasingesikia neno. Kutoka Napoli panda treni ya Circumvesuviana, ushuke Pompei Scavi. Lango la Porta Marina liko karibu. Fika asubuhi kwa sababu kivuli ni haba, na uvae viatu vya soli ngumu. Kama unaye mzee mwenye magoti mabovu, kuna njia iliyosawazishwa inayoanzia lango la Piazza Anfiteatro. Sisi tuliijua tukiwa tumeshachelewa, na shangazi aliumwa siku mbili.

Ukipata siku ya ziada, nenda Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli, maana vitu vingi vilivyochimbuliwa vilihamishiwa huko. Tafuta mkate wa wakati ule. Umeungua ukawa mweusi kama mkaa, lakini mistari ya kuukatia vipande vinane bado inaonekana.