Maswali Yenu: Imani, Ratiba na Bahasha

Kila Januari naanza kusoma Biblia nzima, nikifika Walawi naishia hapo. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Kimara)

Mama, tatizo si uvivu, ni hesabu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na kidogo kila siku, kwa hiyo ukiruka siku nne unadaiwa sura 13. Walawi unaifikia mwishoni mwa Januari, ada za shule zimeshakukamua, na mbele yako kuna sura 27 za sheria za sadaka na unajisi. Hapo wengi huona aibu na kufunga kitabu.

Mwaka huu chukua Agano Jipya peke yake. Lina sura 260. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa ni wiki 52 kamili. Jumamosi iache wazi kwa kulipa ulichoruka. Anza na Marko, sura 16, nyingi zinasomeka kwa dakika tano hadi saba. Luka 1 ina mistari 80, igawe: leo mpaka mstari wa 38, kesho unamalizia.

Soma maji ya kuoga yakichemka, si kitandani usiku, maana usingizi utashinda. Tumia Biblia ya karatasi, kwa sababu simu ukiifungua kusoma Marko unakutana na ujumbe wa kazini. Kwenye daladala umesimama, usijilazimishe kusoma. Sikiliza sura ileile uliyosoma asubuhi kwa sikio moja, lingine liwe la kusikia kituo.

Mimi ni katibu wa kwaya, mweka hazina wa jumuiya na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Mke wangu anasema nimeoa kanisa. Nikiacha, nitaonekana nimerudi nyuma. (Ndugu, Moshi)

Kabla ya kumjibu mkeo, andika saa zako. Mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili na nusu kila mara, ni saa saba na nusu. Jumuiya saa mbili, kikao cha ujenzi saa mbili, Jumapili saa sita tangu ibada ya kwanza mpaka mnapomaliza kuhesabu sadaka. Jumla ni saa 17 na nusu kwa wiki, na hatujagusa misiba. Mwekee mkeo karatasi hiyo mezani. Ana haki ya kuiona.

Musa naye alikaa asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, mkwewe Yethro akamwambia wazi kwamba atachoka yeye na watu wake pia (Kutoka 18). Dawa ilikuwa kugawa kazi: wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi. Basi bakiza nafasi moja, ile ambayo ukikosekana kweli pengo linaonekana. Nyingine zikabidhi.

Namna ya kutoka ina uzito kuliko kutoka kwenyewe. Kinachoumiza kwaya ni katibu anayepotea kimya kimya na daftari la mahudhurio likiwa kabatini kwake. Ongea kwanza na mwenyekiti ana kwa ana, miezi miwili kabla, na isiwe kuelekea Pasaka. Kisha barua fupi: “Naomba kupumzika nafasi ya ukatibu kuanzia tarehe 1 Agosti. Nitaendelea kuimba. Madaftari na funguo nitakabidhi tarehe 25 Julai mbele ya mweka hazina wa kwaya.” Usijieleze zaidi ya hapo. Sababu ndefu hufungua mjadala, na mjadala utakurudisha kwenye kiti.

Fungu la kumi linatolewa kwenye mshahara kabla ya makato au baada? Na pesa ya dawa za mama naweza kuihesabia humo? (Mwalimu wa shule binafsi, Mbeya)

Tuchukue mshahara wa shilingi 800,000, Tanzania Bara. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 80,000. Kodi inakokotolewa kwenye 720,000 inayobaki, nayo ni 60,000. Mkononi unapata 660,000. Fungu kabla ya makato ni 80,000, baada ya makato 66,000. Tofauti ni 14,000.

Biblia inazungumzia mazao ya shambani na mifugo, haijui karatasi ya mshahara, na anayekwambia kuna mstari unaokata shauri hili anakuongezea mzigo. Tunaloshauri: chagua njia moja na uishike mwaka mzima. Ukichagua baada ya makato, ondoa kodi na NSSF tu, halafu siku mafao yakija uyatolee fungu. Marejesho ya bodi ya mikopo au ya Saccos usiyaondoe, kwa kuwa hiyo ni pesa uliyokwisha kuitumia.

Itenge siku ileile mshahara unapoingia. Ikibaki kwenye simu ikisubiri Jumapili, itanunua umeme.

Dawa za mama ni wajibu wako unaojitegemea, usizichanganye na fungu. Ila mwezi ambao haviwezekani vyote viwili, mnunulie mama dawa bila kujihukumu. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakawanyima wazazi. Na usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili utimize ahadi ya jengo. Mwendee mchungaji umwambie ahadi imekuzidi, mpange upya.

Kundi la WhatsApp la kanisa linaleta ujumbe 100 kwa siku. Nisipoandika “Amina” natenda dhambi?

Hapana. Linyamazishe, lifungue mara moja jioni, utafute matangazo ya misiba na wagonjwa. Mgonjwa mmoja mpigie simu.

Tumsifu Yesu Kristo. Ni muuguzi, nakosa misa Jumapili mbili kila mwezi kwa sababu ya zamu. (Morogoro)

Milele, amina. Kuhudumia wagonjwa ni sababu nzito, hujavunja amri. Hata hivyo misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili (Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa), ikague kwanza. Ukitoka zamu ya usiku lala, nenda misa ya jioni kama parokia inayo, kuliko kusinzia kwenye benchi saa 3 asubuhi.

Ombi la kubadilishana mpelekee muuguzi kiongozi kabla ratiba ya zamu haijabandikwa ukutani. Kwa Pasaka na Krismasi, tafuta mapema mwenzako Mwislamu akushikie zamu, nawe umshikie yake Idd. Kwa kuwa Idd hufuata mwezi kuandama, jiandikishe siku mbili badala ya moja, na wote wawili mtie sahihi kwenye daftari la zamu.