Kabla hujatundikiwa dripu, uliza habari ya mayai yako

Mimi kansa ya titi ilinipata na miaka 31, nakaa Kisauni, ndoa ina miaka miwili na mtoto bado. Ile siku daktari alinieleza kila kitu, operesheni, kemo, nywele, kutapika, alafu akanambia kansa yangu ni ya HER2, yaani seli zake zina protini hiyo nyingi, kwa hiyo ntapewa na Herceptin, dawa inayoilenga hiyo protini, kila wiki 3 mwaka mzima. Habari ya kuzaa hakuigusa na mimi nikaona haya kuuliza, manake mamangu alikuwa amekaa pale pale analia, ntaanzaje kuulizia watoto na roho yenyewe sijui kama ntabaki nayo?

Hilo najuta mpaka leo. Dada zangu ulizeni, na mulize kabla ya dripu ya kwanza, si ya tatu.

Mayai ya mwanamke hayatengenezwi upya. Unazaliwa nayo milioni moja hadi mbili, ukivunja ungo yamebaki kama laki 3 hivi, na yakishaharibika ndio basi. Kemo kama saiklofosfamidi, ambayo wengi wetu wa titi tunapewa, inayala kabisa. Hiyo wengi washasikia. Lakini kwenye foleni ya kliniki kila siku nasikia ati hizi dawa mpya zinalenga kansa peke yake, hazigusi kitu kengine, ukipewa hizo usiwe na wasiwasi wa uzazi. Si hivyo jamani, kila dawa na tabia yake.

Chukua Avastin. Inazuia mishipa mipya ya damu isiote ili kansa ikose chakula, sasa na ovari nazo kila mwezi zataka mishipa mipya ndio yai likomae. Mwaka 2011 Marekani waliongeza onyo kwenye karatasi yake, manake kati ya wanawake wa kansa ya utumbo mpana ambao hedhi zilikuwa bado zinakuja, waliopewa kemo na Avastin 34 katika kila 100 ovari zao zilisimama kazi, waliopewa kemo peke yake ni 2. Walipoacha dawa kama mmoja katika watano ndio zilirudi.

Herceptin yangu haijaonekana kumaliza mayai vile kemo inavyomaliza. Shida yake ni ukishika mimba ukiwa nayo, yapunguza yale maji anayoogelea mtoto, na mtoto anaweza kufa. Kwa hivyo unajikinga muda wote wa dawa na miezi 7 baada ya dozi ya mwisho. Na sisi wa titi kwa kawaida haturuhusiwi vidonge wala sindano za homoni, kwa hivyo ni kondomu au koili ya kopa, mwambie bwanako mapema.

Kuna dada tulijuana hapo foleni, yeye ana kansa ya damu ya CML, anakunywa imatinibu kila siku na hedhi yake inakuja kama saa, akafikiri basi hakuna neno, kumbe kidonge kile kinaweza kumlemaza mtoto zile wiki za mwanzo kabla hata hujajua una mimba. Akataka kuiacha mwenyewe kimya kimya. Tafadhali usifanye hivyo! Kuna wanaoachishwa, lakini ni baada ya miaka vipimo viwe vizuri na daktari awe anakufuatilia kwa damu.

Ungeuliza mapema ungeambiwa nini? Kugandisha mayai, kama wiki 2 za sindano kabla ya kemo, ghali, na sisi pesa hizo hatukuwa nazo. Lakini kuna Zoladex, sindano ya tumboni ya kulaza ovari, inaanza kama wiki moja kabla ya kemo alafu kila wiki 4. Hiyo tungechangisha tukapata, mavyaa angeuza hata dhahabu yake. Mimi niliisikia nishamaliza kemo.

Hedhi yangu ilirudi mwezi wa tano baada ya kemo, nililia kwa furaha, lakini kurudi hedhi haimaanishi mayai ni mengi kwa hivyo nikapimwa AMH, homoni ya kuonyesha mayai yaliyobaki ni mengi au machache, ni kutoa damu tu. Ikatoka chini. Daktari akasema chini si sufuri. Sasa niko mwezi wa 5 katika ile 7 ya kungoja baada ya Herceptin, mamangu anaweka alama kwenye kalenda ya jikoni.