Toyota Corolla 110 yako inachemsha kwenye foleni ya feri ya Likoni, Mombasa? Usikubali themostati itolewe

Ndugu yangu wa 110, maelezo yako nimeyasoma vizuri. Unasema kutoka Ukunda mpaka Likoni gari haina neno, sindano ya geji imetulia chini ya nusu, lakini ukifika foleni ya feri ukikaa kidogo inaanza kupanda, na fundi ashakwambia dawa ni kutoa themostati eti huku pwani ni joto haina kazi. Nami nina 110 kama hiyo, injini ya 5A, namba ya usajili bado ni ile ya zamani ya KA, na foleni hiyo hiyo ndio naivuka kwenda kazini. Ngoja nikueleze, itakuwa ndefu kidogo.

Kwanza hiyo themostati, kile kifaa kinachofunguka kwa joto kuruhusu maji ya injini kwenda rejeta kupoa. Mafundi wetu wengi wakiona gari inachemsha jambo la kwanza ni kuing'oa na kuitupa, na kwa magari mengine pengine hutaona tofauti haraka, lakini kwa hizi injini za Toyota za familia ya A, kama 5A yetu, ni kosa kabisa. Themostati yake haifungui tu njia ya kwenda rejeta, kwa nyuma ina kisahani kingine ambacho ikifunguka kinaziba ile njia ya mkato, ile ambayo maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwa rejeta. Sasa ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto yanarudi injini vile vile hayajapoa, yani umetoa kitu ili ipoe na kumbe umeipunguzia kupoa. Hili si la kwangu, kitabu cha ufundi cha Toyota chenyewe kinaonya hivyo. Alafu ukiwa mbioni usiku na upepo, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inazidi kumwaga petroli, ndio unasikia watu wanalalamika 110 inakunywa kama prado.

Kama una shaka nayo ipime, ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji (sufuria ya zamani, usije ukagombana na mama watoto), washa moto uangalie. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya digrii 80 na 84, na ikifika 95 iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Huna kipimajoto? Basi maji yakianza kutokota na bado imefunga, hiyo imekufa, nunua nyingine, si spea ya kukukosesha usingizi. Ukiirudisha kile kipini kidogo kinachotikisika kikae juu, hapo ndipo hewa inapotokea, na raba yake iwe mpya.

Lakini kwa dalili zako mimi hata singeanza na themostati. Gari inayochemsha imesimama na ikitembea inapoa, hiyo inakosa upepo. Ikitembea upepo wa barabara unafanya kazi ya feni, ikisimama feni ndio kila kitu. Ingekuwa inachemsha ukipanda kilima cha Mazeras ndio ningekwambia angalia rejeta iliyoziba au pampu ya maji.

Kwa hivyo fanya hivi. Injini baridi, AC imezimwa, ufunguo weka on bila kustati. Tafuta ile swichi ya joto ya feni, iko upande inakoingia paipu ya chini ya rejeta, vuta plagi yake. Kwa hizi Toyota swichi inafanya kazi kinyume na watu wanavyofikiria, ikiwa baridi imeunganisha, ikipata joto kama digrii 93 inaachia na feni inawaka. Manake ukivuta plagi feni inatakiwa izunguke papo hapo. Ikizunguka kwa nguvu, feni yenyewe ni nzima na fiuzi na rilei (kile kiboksi kinachowasha umeme wa feni) ni nzima, shida pengine iko kwa swichi. Isipozunguka sasa fuata fiuzi, rilei, plagi ya feni, na mota mwisho. Weka vidole mbali tafadhali, hiyo feni haibishi hodi.

Ya kwangu ilikuwa nini? Fundi mmoja alishanipigia hesabu ya gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yani kichwa cha injini, na bloku), kufungua hedi, kupeleka kwa mashine, yote hayo. Nikamwambia anipe siku mbili. Nyumbani nikavuta ile plagi ya waya mbili iliyo nyuma ya mota ya feni, ikatoka na unga wa kijani, pini moja imeliwa imebaki nyembamba, na plastiki ya plagi imeyeyuka upande mmoja. Feni ilikuwa inazunguka bado, ndio inavyodanganya, inazunguka lakini kivivu. Ukiwa na mita ya umeme pima hapo kwenye plagi feni ikiwa inazunguka, linganisha na betri. Betri ikisoma 12 na kitu na kwenye plagi unapata 10, volti mbili zimeliwa na kutu njiani. Nikakata ile plagi nikaweka vichwa vipya, ule waya wa hasi unaoshika bodi nikaufungua nikapiga msasa mpaka chuma iking'aa, nikapaka grisi. Hedi haijafunguliwa mpaka leo.

Na huku kwetu hili litarudi, hewa ya bahari haina huruma na shaba. Pale unaposhuka kuingia kwenye feri maji ya chumvi yanaruka chini ya gari, kwa hivyo ukipiga maji gari usioshe juu peke yake, weka hosi chini pia na kwa mbele ya rejeta. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, kati yao hukusanyika vumbi, manyoya, na makaratasi ya nailoni ya zamani hizo. Piga maji kutokea upande wa injini kwenda nje, taratibu, usitumie ile mashine ya kazwoshi kwa karibu inalaza mapezi yote, vile vibati vyembamba vya rejeta. Alafu gusa mapezi ya rejeta kwa kidole. Yakivunjika na kuwa unga basi rejeta ishaisha hata kama haivuji, joto halina pa kutokea. Usinunue ya mtumba kuibadilisha, nayo huenda imekaa kwenye hewa hii hii, chukua mpya.

Maji sasa. Wengi wetu tunajaza maji ya kisima na sehemu kubwa ya kisiwa hiki cha Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji mengi ni chumvi na chokaa. Chokaa inaganda ndani ya mirija ya rejeta, chumvi inakula hedi ambayo ni aluminiamu. Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Watu husema kulanti ni ya wazungu wenye baridi, si kweli, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Ya zamani ukiimwaga usiiache uani, ni tamu na ni sumu, na Mombasa hii kila kona ina paka na mbuzi wa mtu.

Kifuniko cha rejeta nacho usikidharau. Kimeandikwa 0.9 au karibu na hapo (kilo kwa kila sentimita mraba), ndio shinikizo linalofanya maji yasichemke yakifika 100. Raba ikichoka, maji yanachemka mapema na yanakimbilia kwenye tangi la akiba. Na ukikuta asubuhi paipu ya juu imenywea kama imefyonzwa, ni kifuniko hicho hicho hakirudishi maji.

Kabla hujatulia hakikisha kweli si gasketi. Injini baridi, fungua kifuniko, stati, angalia mapovu. Mapovu machache mwanzoni ni hewa, yakiendelea bila kukoma na maji yanarushwa nje hilo ni jambo lingine. Angalia pia kifuniko cha oili, ukiona ute kama maziwa ya chai, peleka gari gereji usihangaike na feni.

Mpaka utengeneze, ukiwa kwenye foleni na sindano inapanda, zima AC, peleka hita kwenye moto kabisa na upepo mwisho, fungua madirisha. Abiria watakulaani, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inasaidia kweli. Ikipita robo tatu zima injini, usifungue kifuniko, na usikubali wale vijana wakumwagie maji baridi juu ya hedi, ndio zinapinda hivyo.

Anza na ile plagi ya swichi, ni kazi ya dakika tano. Feni isipozunguka piga picha ya plagi ya nyuma ya mota uiweke hapa, pamoja na rangi ya fiuzi uliyoikuta (rangi ndio inaonyesha ukubwa wake), manake nimeona 110 za watu zimewekwa fiuzi kubwa kupita kiasi ili isiungue na waya ndio ukaungua badala yake.