Nikihama mtandao, wateja wangu nawaacha wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nauza vitenge hapa Mwanza, wateja wangu karibu wote wako kwenye mtandao mmoja mkubwa wa meseji, sasa mwezi uliopita naamka asubuhi nakuta akaunti imefungwa, sijamtukana mtu wala kumtapeli mtu, nimeomba hadi nimechoka, najibiwa na mashine tu. Nikahamia mtandao mwingine, kati ya wateja 300, walionifuata hawafiki 10. Nasikia huko kwa Wazungu wanataka kuyavunja haya makampuni, ni kweli? Na yakivunjwa mimi nitapata nini? – Muuza vitenge

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maana hapo umefungiwa duka pamoja na njia ya wateja kulifikia.

Kuvunja, Marekani walijaribu. Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, kampuni yenye wafanyakazi 13 tu, halafu 2014 ikachukua WhatsApp kwa dola bilioni 19, na huyo Zuckerberg, bosi wa Facebook mwenyewe, tangu 2008 alishaandika kwenye barua pepe kwamba ni bora kununua kuliko kushindana. Tume yao ya biashara, FTC, iliziacha zote mbili zipite, ikaja kushtuka Desemba 2020 ndo inafungua kesi. Karibu miaka 5 mahakamani, Novemba 2025 jaji James Boasberg akasema serikali haijathibitisha kwamba Meta, ndo jina jipya la kampuni ya Facebook, inahodhi soko kwa sasa, maana TikTok na YouTube wapo. Mimi inaniuma, kwa sababu waliotakiwa kuzuia mwanzoni walikaa kimya. Ila nikwambie ukweli, hata zingetenganishwa kila moja ingebaki na ukuta wake, wateja ndani wewe nje.

Kitakachokusaidia wewe ni kuilazimisha mitandao iongee yenyewe kwa yenyewe. Unakumbuka hela za simu zilivyokuwa? Wakala wa mtaani kwetu alikuwa na simu nne mezani, kila mtandao na simu yake, mtu akikutumia kutoka mtandao mwingine unapata meseji ya namba ya siri unaikimbiza kwa wakala kabla hajafunga, hela yenyewe kwenye simu yako haiingii. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuunganisha, Vodacom ikaingia 2016, leo unatuma tu wala huulizi sana mwenzio ana laini gani. Na hakuna kampuni iliyokufa kwa sababu hiyo!

Kwenye meseji Ulaya ndo wameanza. Wana sheria inaitwa DMA, tangu Machi 2024 inaibana WhatsApp ifungue mlango kwa mtandao mwingine unaoomba kuunganishwa, na usiri wa meseji ubaki vilevile. Mpaka Novemba 2025 waliotangazwa kuingia ni wawili wadogo, BirdyChat na Haiket. Signal na Threema, nao mitandao ya meseji, wamekataa, wanahofia usiri wa watu wao, na hofu yao naielewa kabisa, lakini hofu hiyo isiwe sababu ya sisi wengine kufungiwa. Tena hiyo ni kwa watumiaji wa Ulaya tu, sisi huku haituhusu bado. Ndo maana nasema Tanzania peke yake ikidai hawatashtuka, Afrika Mashariki nzima wadai kwa sauti moja, soko letu si dogo.

Kwa leo fanya hivi mdogo wangu. Namba ulizosevu kwenye simu zinakili zote kwenye daftari, halafu nunua bando la SMS za kawaida, zile zinafika kokote, Voda kwenda Airtel, hata kwenye kitochi, uwaandikie mmoja mmoja: ni mimi yule wa vitenge, nimehama, nipo namba hii. Anza na wale wanaokudai mzigo.