Chupa na karatasi zisikae kiroba kimoja

Dada wa Chumbageni, Tanga, umeuliza kama chupa za maji na karatasi za ofisini zinaweza kukaa kiroba kimoja. Hapana, zitenge tafadhali. Chupa haikosi maji kidogo chini; yakimwagika, karatasi zinalowa, zinaota ukungu, na mnunuzi wa karatasi chakavu hazitaki tena. Hapa Makorora sisi tunamwaga maji, tunakanyaga chupa iwe bapa. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine, kiweke pembeni. Karatasi iliyofungiwa chapati, yenye mafuta, nayo usiichanganye na safi. Maganda yanafaa shimoni, chini ya mgomba. Ila taa za tyubu zina zebaki, ambayo ni sumu, usizitie kirobani kabisa! Vijana wanaochambua taka wanatumbukiza mikono mitupu.