Unaposoma Historia ya Kompyuta za Kwanza za Uingereza, Anza na Mwaka wa Kitabu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma vitabu na kumbukumbu za watu waliounda au kuendesha kompyuta za mwanzo kule Uingereza, na shauri la kwanza ninalompa msomaji mgeni ni hili: kabla hujaingia sura ya kwanza, tazama kitabu kiliandikwa mwaka gani, kisha jiulize mwandishi wake aliruhusiwa kusema nini wakati huo.

Sababu kubwa ni Colossus. Mashine hiyo, iliyobuniwa na Tommy Flowers na wenzake katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, London, ilianza kazi Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa siri wa adui, mapema mwaka 1944, na vita vilipokwisha zilikuwapo kumi. Ilisoma mkanda wa karatasi kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde ili kusaidia kufumbua ujumbe wa siri ambao makamanda wa Ujerumani walitumiana kwa mashine ya Lorenz. Baada ya vita nyingi zilivunjwa, Flowers akaamriwa kuteketeza michoro, na wote waliohusika, wakiwamo wanawake wa jeshi la majini walioziendesha kwa zamu usiku na mchana, walikaa kimya hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo historia ya miaka ya 1960 inayoanzia na kompyuta ya ENIAC ya Marekani haikuandikwa kwa uzembe. Waliojua habari nyingine walikuwa wamefungwa na kiapo. Lakini ukikuta kitabu cha leo kinachodai kwamba Colossus ilifumbua Enigma, mashine nyingine ya Wajerumani ya ujumbe wa siri, soma kurasa zake nyingine kwa tahadhari, kwa kuwa Enigma ilishughulikiwa na mashine tofauti kabisa, zilizoitwa Bombe.

Shauri la pili ni kusoma kwa jozi: maandishi ya wakati wa kazi yenyewe, pamoja na kumbukumbu za uzeeni. Chuo Kikuu cha Cambridge ndiko kwenye mfano bora zaidi. Kompyuta ya EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, na mwaka 1951 Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wakatoa kitabu cha kufundisha namna ya kuiandikia programu. Mwaka 1985 Wilkes alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na humo anasimulia jinsi alivyotambua, akiwa kwenye ngazi za jengo lililokuwa na EDSAC, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki ingekwisha katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Kitabu cha 1951 hakina simulizi kama hiyo, lakini kinatumia kurasa nyingi kueleza maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, ambavyo mtu angeweza kuvitumia tena bila kuviandika upya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu ya Wilkes na maktaba ile ni habari moja.

Usiishie kusoma tu. Martin Campbell-Kelly wa Chuo Kikuu cha Warwick alitengeneza programu inayoiga EDSAC, nayo inapatikana bure. Andika maagizo machache: A ya kujumlisha, S ya kutoa, T ya kupeleka jibu kwenye kumbukumbu ya mashine na kufuta kilichokuwamo katika kikokotoo, yaani sehemu inayoshika jibu la hesabu inayoendelea. Mimi nilisoma mara nyingi kuhusu njia ya Wheeler ya kurudi kutoka kwenye kipande cha programu bila kuishika vizuri, mpaka nilipoiandika kwa mkono na kuona kwamba kipande chenyewe hulazimika kujitengenezea agizo la kurudi kwenye programu iliyokiita, kwa kuwa mashine haikuwa na pahali maalumu pa kulitunza.

Kuhusu LEO, kompyuta ya kampuni ya J. Lyons iliyomiliki migahawa ya chai, ambayo kazi yake ya kwanza ya kudumu mwaka 1951 ilikuwa kukokotoa thamani ya bidhaa za kuoka, usitosheke na maneno ya wakubwa. Kitabu cha John Simmons, mmoja wa wakurugenzi wa Lyons, cha mwaka 1962, chenye manufaa makubwa, kilitoka wakati kampuni bado inauza kompyuta zake. Kando yake tafuta simulizi za waandika programu kama Mary Coombs, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1952. Chama cha LEO Computers Society kimerekodi simulizi nyingi za wafanyakazi wa zamani. Anza na zile zinazohusu hesabu za mishahara, maana humo utasikia kwa undani jinsi kazi za makarani zilivyohamishiwa kwenye mashine.